Springi za nyuma: namba ya kwenye boksi si namba inayofika kwenye tairi

Jioni moja ya Januari, kwenye uwanja wa Dubai Autodrome, mtoto wa kaka yangu alizungusha gari mara mbili katika kona ile ile. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili mkia ulitoka kwa ghafla, gari ikageuka nyuma mbele, ikatoka nje ya lami na kusimama mita chache tu kabla ya ukuta wa matairi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na simu mkononi, maana mama yake alikuwa ameshapiga mara tatu kutoka Maskati kuuliza kama tumeshamaliza.

Kijana alishuka mzima, alhamdulillah. Gari nayo ilikuwa nzima. Lakini alipovua helmeti, neno la kwanza lililomtoka lilikuwa hili: "Ami, springi za nyuma bado laini. Nitatafuta ngumu zaidi."

Zile za nyuma zilikuwa na ugumu wa kilo 12 kwa milimita. Alikuwa amezinunua wiki 3 kabla, kwa riali alizokusanya tangu Ramadhani, kuondoa zile za kilo 6 alizoanza nazo Novemba. Sababu ya kubadilisha ilikuwa hiyo hiyo: mkia ulitoka kwenye kona ya kasi, dukani wakamwambia springi ni laini, aweke ngumu mara mbili. Akaweka, na mkia ukawa mkorofi kuliko kwanza.

Nyumba nyingi za Waswahili huku Ghuba zina kijana kama huyu. Kuna viwanja vikubwa, kuna Dubai Autodrome tangu 2004, kuna Yas Marina ya Abu Dhabi tangu 2009, na vyote viwili vina siku na usiku ambapo mtu wa kawaida analipa na kuingia na gari yake. Vijana wanajifunza kuendesha haraka kuliko wanavyojifunza gari yenyewe. Na katika vitu vyote wanavyonunua, springi za nyuma ndizo zinazochaguliwa kwa kusikia na kwa kukisia zaidi ya zote.

Mzee na rula yake

Tuliporudi Maskati tulikwenda kwa mzee mmoja ambaye alikuwa fundi Mombasa kabla ya kuhamia Oman. Yeye ni wa enzi za Safari Rally ile ya zamani, iliyoanza 1953, na mpaka leo akimtaja Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, sauti inabadilika. Kijana akamwonyesha video ya kona ile. Mzee akaitazama mara moja tu, akauliza: "Nyuma umepima nini?"

Kijana akasema hajapima kitu. Namba imeandikwa kwenye springi yenyewe.

"Hiyo ni namba ya springi," mzee akasema. "Mimi nakuuliza ya tairi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu. Lete jeki."

Hapo ndipo lilipoanza somo ambalo mimi mwenyewe, miaka yote hii nikiendesha, sikuwa nalijua.

Kilo 10 si kilo 10

Springi yenyewe ni kitu chepesi kukielewa. Mwingereza Robert Hooke aliandika kanuni yake 1678: ukiibonyeza mara mbili zaidi, inakusukuma mara mbili zaidi. Springi ya kilo 8 kwa milimita, ukitaka kuibonyeza milimita 10, inataka mzigo wa kilo 80.

Tatizo ni kwamba springi haikai juu ya tairi. Inakaa juu ya mkono, na mkono umefungwa upande mmoja kwenye bodi kwa bushi, upande wa pili kwenye gurudumu. Kwa hiyo tairi ikipanda milimita 40, springi inabonyea kidogo kuliko hapo. Kiasi gani, inategemea imekaa wapi: karibu na gurudumu au karibu na bodi.

Gari ya kijana ni Toyota 86. Mbele springi imezunguka shokapu na shokapu imefungwa moja kwa moja kwenye nguzo ya gurudumu, kwa hiyo zinakwenda karibu sawa. Nyuma kuna mikono miwili, wa juu na wa chini, na springi na shokapu zimekaa ndani kidogo. Mzee alitoa springi, akaacha shokapu, akainua gurudumu kwa jeki kidogo kidogo huku akipima kwa rula. Gurudumu lilipopanda milimita 40, nafasi ya springi ilipungua milimita 30. Gawanya 30 kwa 40, unapata 0.75.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata wale waliopima. Namba hiyo unaizidisha kwa yenyewe. Kwa nini? Kwa sababu springi iliyokaa ndani inapoteza mara mbili. Kwanza inabonyea kidogo, kwa hiyo inatoa nguvu kidogo. Pili, hata ile nguvu inayotoa inapita kwenye mkono mrefu mpaka ifike kwenye tairi, inapungua tena. 0.75 mara 0.75 ni 0.56.

Sasa chukua springi moja ya kilo 10 kwa milimita, uifunge kwenye magari matatu. Gari ambayo uwiano wake ni 0.95, tairi inapata kilo 9. Gari ya 0.75, tairi inapata kilo 5.6. Gari ya 0.6, tairi inapata kilo 3.6 tu. Springi ni ile ile, boksi ni lile lile, na magari matatu hayafanani hata kidogo.

Ndiyo maana mtu mwenye BMW E36 au E46 anaweza kukutajia namba kubwa sana za nyuma na gari yake isiwe ngumu. Kwenye magari hayo springi ya nyuma haikuzunguka shokapu, imekaa peke yake juu ya mkono, ndani zaidi kuliko gurudumu. Na ndiyo maana anayeihamisha springi hiyo na kuizungushia shokapu lazima ahesabu upya kila kitu. Juu ya hayo aimarishe sehemu ya bodi inayoshika shokapu juu, maana haikuundwa kubeba uzito wa gari, inaweza kupasuka.

Kwa hiyo usinunue springi za nyuma kwa kuuliza rafiki ameweka ngapi, isipokuwa gari yake ni aina ile ile kabisa na uzito ule ule.

Mipigo kwa sekunde

Baada ya kujua ugumu unaofika kwenye tairi, linakuja swali la pili: ugumu huo unabeba uzito gani? Kilo 5 kwenye gari nyepesi ni ngumu, kwenye gari nzito ni laini. Wahandisi wanaunganisha vitu hivi viwili kwa namba moja: gari ikiachwa idunde juu ya springi zake bila shokapu, itapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde. Kipimo chake ni hezi.

Gari ya kawaida ya familia iko kati ya 1 na 1.5. Gari ya michezo ya barabarani, 1.5 mpaka 2. Gari ya mashindano isiyo na mabawa makubwa ya kuisukuma chini, karibu 2 mpaka 2.5. Zile zenye mabawa zinapanda 3 na zaidi, kwa sababu upepo unaongeza mzigo juu ya springi, na gari isipokuwa ngumu inakwenda kugusa lami.

Tuliipeleka gari kwenye gereji yenye mizani nne, moja kila tairi, kijana amekaa ndani na helmeti yake na tangi nusu. Hilo ni muhimu: pima gari kama inavyokimbia, si tupu. Jumla ilikuja karibu kilo 1,300, nyuma kilo 600, yaani 300 kila gurudumu. Hapo unatoa uzito usiobebwa na springi: gurudumu lenyewe, breki, nusu ya mikono. Tulikadiria kilo 40. Springi moja ya nyuma inabeba kilo 260.

Ukitaka hesabu ya haraka bila kompyuta, iko hii. Gawanya mzigo, kilo 260, kwa ugumu unaofika kwenye tairi, upate springi imekaa chini kiasi gani kwa kipimo cha gurudumu. Ibadilishe iwe sentimita, tafuta kipeuo chake cha pili, halafu gawanya 5 kwa hicho. Jibu ndiyo hezi. Hesabu za kijana zilikuja hivi:

Springi ya kilo 6: tairi inapata kilo 3.4, mipigo 1.8.
Springi ya kilo 8: tairi inapata kilo 4.5, mipigo karibu 2.1.
Springi ya kilo 12: tairi inapata kilo 6.75, mipigo 2.5.

Halafu tukapiga hesabu ya mbele. Kule aliweka springi za kilo 7. Uwiano wa mbele ni karibu 0.95, kwa hiyo tairi inapata kilo 6.3, na kwa uzito wa mbele inatoka karibu mipigo 2.25.

Kijana akaitazama karatasi. Mbele 7, nyuma 12. Alikuwa anajua nyuma ni ngumu zaidi, lakini alifikiri ndivyo inavyotakiwa. Alichokuwa hajui ni kwamba springi ya kilo 8 nyuma ingekuwa laini kuliko ile ya kilo 7 ya mbele. Namba za kwenye boksi zilikuwa zinamdanganya pande zote mbili.

Kwa nini nyuma ngumu inatoa mkia

Gari ikiingia kona, uzito unahama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Jumla ya uzito unaohama huwezi kuibadilisha kwa springi. Hiyo inatokana na kasi, upana wa gari na urefu wake kutoka chini. Unachoweza kubadilisha ni mgawanyo: sehemu gani ihamie mbele, sehemu gani nyuma. Upande ulio mgumu zaidi ndio unaochukua sehemu kubwa.

Sasa tairi ni kama hamali. Mpe gunia moja, anakwenda. Mpe magunia mawili, anakwenda pia, lakini si kwa nguvu ile ile kwa kila gunia. Tairi ukiiongezea mzigo mara mbili, haishiki lami mara mbili. Kwa hiyo jozi ya tairi ambayo mmoja kabebeshwa sana na mwenzake kaachwa mtupu, kwa pamoja inashika kidogo kuliko jozi iliyogawana sawa.

Ukifanya nyuma ngumu kuliko mbele, ni tairi ya nje ya nyuma inayobebeshwa, na ya ndani inaelea. Mshiko wa nyuma unapungua, mkia unatoka. Kwenye gari inayosukumwa na tairi za nyuma kuna hasara ya pili: ukikanyaga mafuta kutoka kona, tairi ya ndani inazunguka bure. Kijana alikuwa akilalamika hilo tangu abadilishe. Alidhani ni difu.

Kwenye gari inayovutwa na tairi za mbele, kama Honda Civic, mambo yanageuka. Zile kwa asili pua yake inapenda kwenda moja kwa moja, haitaki kukata kona. Hapo mafundi wanaweka nyuma ngumu makusudi, ili mkia usaidie kugeuza. Ndiyo maana ushauri wa mwenye Civic kwa mwenye Toyota 86 unaweza kumpeleka ukutani, na wote wawili wana nia njema.

Na sisi huku tuna jambo la ziada: vumbi. Upepo ukivuma mchana, mchanga unakaa kwenye lami, na mizunguko ya kwanza ni ya utelezi mpaka magari yausafishe mstari. Gari yenye nyuma ngumu mno haisamehi kwenye lami ya namna hiyo.

Lakini kwa nini ilitoka na zile laini?

Hili ndilo lililobaki. Ikiwa kilo 12 ni ngumu mno, mbona Novemba, na kilo 6, mkia ulitoka pia?

Mzee alichukua ule mkanda mwembamba wa plastiki wa kufungia nyaya, akaufunga kwenye ufito wa shokapu ya nyuma, akausukuma mpaka chini. Akarudisha springi za kilo 6 na kiwango kile kile cha zamani, akatuambia tuipitishe gari polepole juu ya matuta ya kuingia gereji. Tuliporudi, mkanda ulikuwa umesukumwa mpaka umegusa raba ya kikomo.

Raba hiyo iko pale kuzuia vyuma visigongane springi ikifika mwisho. Kijana alikuwa ameshusha gari chini sana kwa ajili ya uzuri, kwa hiyo nafasi ya springi kufanya kazi ilikuwa imekwisha kabla hata ya kona. Akiingia kona ya kasi, nyuma inakaa juu ya raba, na raba ikishabonyea ni ngumu kuliko springi yoyote ya dukani. Kwa nusu sekunde gari inakuwa haina springi nyuma. Mkia lazima utoke, tena kwa ghafla, bila kukuonya.

Kwa hiyo ugonjwa wa kwanza haukuwa springi laini. Ulikuwa gari iliyoshushwa mno. Na dawa aliyopewa ilikuwa kuongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Mzee alikumbusha kwamba gari za Safari za zamani ziliinuliwa juu na kupewa springi zenye nafasi ndefu ya kusafiri, kwa sababu barabara za Kenya ndizo zilizotaka hivyo. Lami ya Dubai haitaki hivyo. Lakini mafundi wale walianza na barabara, wakahesabu nafasi, ndipo wakachagua springi. Utaratibu huo haubadiliki.

Akachagua nini

Mwisho alichukua kilo 8, springi za ugumu mmoja kuanzia juu mpaka chini, si zile zinazopanda ugumu kadiri zinavyobonyea, kwa sababu za ugumu mmoja hesabu yake inajulikana. Gari ikainuliwa milimita 15. Raba za kikomo zikabadilishwa kwa fupi zaidi. Shokapu, ambazo zina kitasa cha kurekebisha, zikapunguzwa nguvu kidogo ya kuzuia springi kurudi, maana zilikuwa zimekazwa kwa ajili ya zile za kilo 12. Springi na shokapu ni kama mume na mke wa nyumba moja: ukibadilisha mmoja bila kumshauri mwenzake, mtagombana. Shokapu dhaifu juu ya springi ngumu inaifanya gari idunde kama mpira.

Mambo mengine ya kukumbuka ukienda dukani. Springi za Kijapani zinaandikwa kilo kwa milimita, za Ulaya nyutoni kwa milimita, za Marekani ratili kwa inchi. Kilo 1 kwa milimita ni karibu nyutoni 9.8 na ratili 56. Kijana anayeona 80 kwenye springi ya Ulaya asidhani ni ngumu mara 10 kuliko 8 ya Kijapani. Ni karibu kitu kimoja. Pima pia kipenyo cha ndani na urefu, vilingane na kikombe cha gari yako. Na usiamini kwamba kukaza ile pete ya chini kunaifanya springi ya ugumu mmoja kuwa ngumu. Kunainua gari tu.

Springi zilizotumika za sanaiya zina bei nzuri, lakini zitazame kutu na ufa, na zisimamishe mbili pamoja juu ya meza uone kama zina urefu sawa.

Tukarudi uwanjani Februari na daftari. Amri ya mzee ilikuwa moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, andika upepo wa tairi, andika joto la hewa, piga mizunguko 4, rudi. Mkanda wa plastiki ulionyesha bado kuna nafasi ya milimita 10 kabla ya raba. Kwenye ile kona, mkia ulisogea kidogo, akaukamata, akaendelea. Kilichobaki alikirekebisha kwa stabilaiza ya nyuma, tundu moja tu, bila kununua springi nyingine. Saa haikuonyesha muujiza wowote. Ila nyakati za mizunguko zilikuwa zinafuatana, na kwa mwanafunzi hilo ni bora kuliko mzunguko mmoja wa bahati.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Kijana wako akisema anataka springi mpya, usimkataze tu na usimpe pesa tu. Muulize: umepima uwiano wa nyuma? Umepima uzito ukiwa ndani? Gari inagusa raba? Kama hana majibu, pesa hizo zitumike kwanza kwenye mizani. Muulize pia kama gari yenye namba za barabarani inaruhusiwa kubadilishwa hivyo na polisi wa nchi mnayokaa. Na springi zijaribiwe uwanjani, kwenye ambulensi na bendera na nafasi ya kutoka nje, si usiku kwenye barabara kuu ambako familia za watu zinapita.

Mama yake kijana amepanda gari hiyo mara moja, kutoka nyumbani mpaka Seeb. Alishuka akishika kiuno, akasema na hizi ndizo laini?